Rekodi kwanza, sifa baadaye: namna ya kueleza safari ya mchezaji wa kikapu

Februari 2021, jijini Yaoundé, Tylor Okari Ongwae aliruka akiegemea nyuma, akaachilia mpira muda ukiyoyoma, na Kenya ikaibwaga Angola 74-73 katika mechi ya kufuzu AfroBasket. Angola hiyo ilikuwa imetwaa ubingwa wa Afrika mara 11, idadi ambayo hakuna nchi nyingine barani iliyokuwa imeifikia. Miezi sita baadaye Kenya Morans, timu hiyo ya taifa, walikuwa Kigali kwenye AfroBasket, mashindano ambayo hawakuwa wameyacheza tangu 1993, mwaka ambao Nairobi ilikuwa mwenyeji na Kenya ikamaliza ya nne.

Kisii na Nyamira, ambako Okari na Ongwae ni majina ya majirani na wajomba, kikapu kile kilipokelewa kama cha nyumbani. Shangwe hizo zina maelezo yasiyopatana. Huyu anasema Ongwae ni mchezaji wa NBA. Yule anasema ana medali ya fedha ya Afrika. Mwingine anamwita mzaliwa wa Kisii, mwenzake anamvuta Nyamira. Na hakosi mtu wa kuuliza: kama ni hodari kiasi hicho, mbona alikuwa akicheza Denmark?

Maswali hayo yana majibu. Tatizo ni kwamba mashabiki, watangazaji na wanahabari hawajakubaliana maelezo ya haki juu ya mchezaji wa kulipwa yabebe nini na yaache nini. Zipo njia tatu zinazoshindana, na kila moja inashika jambo la kweli kisha inaangusha jingine.

Mkanganyiko unaanzia wapi

Chanzo cha kwanza ni majina ya mashindano. Mpira wa kikapu una herufi nyingi kuliko soka. NCAA ni michezo ya vyuo vya Marekani. NBA ni ligi ya kulipwa ya huko huko. FIBA ni shirikisho la dunia. BAL ni ligi ya klabu za Afrika iliyoanza Kigali mwaka 2021, na inaendeshwa kwa ubia wa NBA na FIBA. Kwa hiyo Nairobi City Thunder ilipofuzu BAL ya 2025, ikiwa timu ya kwanza ya Kenya kufika huko, na Ongwae akiwa miongoni mwa wachezaji wake, ilikuwa rahisi sana kusikia kwamba "wamefika NBA". Kilichofika ni ubia wa NBA, nacho ni kitu tofauti. Hadi msimu wa 2023-24 ulipoisha, hakuna mchezaji wa timu ya taifa ya wanaume ya Kenya aliyekuwa amecheza mechi ya msimu wa kawaida wa NBA.

Kosa la jamaa moja na hilo liko kwenye medali. Kenya ilipata fedha Bamako mwaka 2019, Ongwae akiwemo, baada ya kufungwa na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kwenye fainali. Lakini hiyo ilikuwa AfroCAN, mashindano yaliyobuniwa ili kuwapa nafasi hasa wachezaji wa ligi za ndani ya bara. Ubingwa wa Afrika unaojulikana ni AfroBasket, ambako mataifa huleta nyota wao wa Ulaya na Marekani. Fedha ya Bamako ni ya kweli na ya kujivunia. Ukiiita "fedha ya Afrika" bila kutaja mashindano, umeipandisha daraja ambalo halikushindaniwa.

Halafu kuna mahali. Nyamira ilikuwa sehemu ya wilaya ya Kisii hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, na kaunti mbili tunazozijua leo zilianza kazi mwaka 2013. Ndiyo maana Naftali Temu, aliyeipa Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki katika mbio za mita 10,000 kule Mexico mwaka 1968, huandikwa kuwa mtu wa Kisii katika maandishi ya zamani na wa Nyamira katika ya sasa, na waandishi wote wawili hawajadanganya. Wakazi wa Keroka, mji ambao kaunti hizo mbili zimeuvutania hadi kwenye ushuru wa soko, hawahitaji kufundishwa somo hili.

Jina nalo lina vurugu zake. Mchezaji huyu huandikwa Tylor au Tyler, Okari au Ongwae au yote mawili, kutegemea nani ameshika kalamu. Anayemtafuta kwa jina moja atapata nusu ya rekodi zake na kudhani nusu nyingine ni ya mtu mwingine. Na jina la Kigusii halithibitishi mtu alizaliwa wapi. Watoto wa Gusii, yaani Kisii na Nyamira, wamezaliwa Nairobi, Nakuru, Mombasa na Minnesota, wakabaki na majina ya babu zao.

Njia ya kwanza: mtoto wetu

Hii ndiyo njia inayosikika zaidi redioni, kwenye harambee na kwenye mazishi. Mchezaji anaelezwa kwa ukoo wake, kijiji chake, shule yake na heshima aliyoileta. Takwimu hazitajwi, au hutajwa pale tu zinapopendeza.

Kuna watu wa mjini wanaoidharau njia hii, na wanakosea. Kumbukumbu za mpira wa kikapu wa Kenya zimekuwa hafifu kwa miongo mingi: matokeo ya ligi za mikoa hayakuhifadhiwa vizuri, mechi za shule karibu hazikuhifadhiwa kabisa. Aliyemwona mchezaji akiwa kidato cha pili, akajua ni nani aliyemnunulia viatu na kocha gani aliyemtoa kwenye voliboli, ni mtu wa kijijini. Maelezo yanayompuuza mtu huyo yatakuwa na wastani wa pointi, na yatakosa sababu zilizomfanya kijana afike kwenye pointi hizo. Isitoshe, eneo hili limezoea kupima michezo kwa klabu ya soka ya Shabana na kwa riadha. Mchezaji mmoja wa kikapu anapotajwa kwa sauti, wazazi wanaanza kuuona mchezo huo kuwa na njia ya kutokea.

Udhaifu wake ni kwamba haina breki. Ikishaanza kusifu, neno "wa kwanza" huja lenyewe, nalo ni neno linalohitaji uangalifu kuliko yote katika wasifu wa mwanamichezo. Thunder ni timu ya kwanza ya Kenya kucheza BAL. Haimaanishi wachezaji wake ndio Wakenya wa kwanza kuicheza: Tom Wamukota, yule senta mrefu wanayemwita Bush, aliivaa jezi ya Patriots ya Rwanda katika msimu wa kwanza kabisa, 2021. Vivyo hivyo Liz Mills, Mwaustralia aliyeiongoza Kenya Kigali mwaka huo, alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa kocha mkuu wa timu ya wanaume kwenye AfroBasket. Ukiondoa neno moja katika sentensi hiyo, liwe "mkuu", "wanaume" au "AfroBasket", unabaki na dai jipya linalohitaji ushahidi wake.

Kuna madhara mengine ya njia hii ambayo hayasemwi. Mtoto wetu akisifiwa kupita kiasi leo, kesho atalaumiwa kupita kiasi. Kikapu cha Yaoundé kinapokuwa ndiyo safari nzima, kila mechi isiyo na kikapu kama hicho inaonekana ni kushuka. Mashabiki wa aina hii hawamwachii mchezaji nafasi ya kuwa wa kawaida siku ya Jumanne.

Njia ya pili: namba zijisemee

Wanaochoshwa na sifa hukimbilia takwimu. Hoja yao ina mvuto: namba haina kabila, haina kijiji, na haichangiwi na mwanasiasa. Basi tuone inavyofanya kazi kwa mwanakikapu wa Afrika Mashariki ambaye rekodi yake iko wazi, Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam.

Thabeet, mwenye urefu wa mita 2.21, alicheza Chuo Kikuu cha Connecticut kuanzia 2006 hadi 2009. Msimu wake wa mwisho alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na kuzuia mitupo 4.2 kwa mechi, na timu yake ikafika nusu fainali ya taifa. Juni 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili katika drafti ya NBA, zoezi la klabu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu, nyuma ya Blake Griffin. Msimu wake wa kwanza alicheza mechi 68, akapata wastani wa pointi 3.1, ribaundi 3.6 na kuzuia mitupo 1.3. Ukisoma hapo ukafunga daftari, utasema ameanguka kutoka mlimani.

Soma namba nyingine moja iliyo kando: dakika 13 kwa mechi. Gawanya, kisha zidisha kwa dakika 36, kipimo ambacho wachambuzi hukitumia kulinganisha wachezaji. Sasa ana pointi karibu 8.6, ribaundi 10 na kuzuia mitupo 3.6. Hizo ni namba za senta wa ulinzi anayeheshimika. Mtu ni yule yule, mechi ni zile zile, na hakuna aliyedanganya. Aliyechagua kipimo ndiye aliyechagua hukumu.

Lakini kipimo cha dakika 36 nacho kina ujanja wake. Kinachukulia kwamba mchezaji angeweza kucheza dakika hizo zote kwa kasi ile ile. Senta anayefanya madhambi haraka hawezi: katika NBA madhambi sita yanakutoa uwanjani, chini ya sheria za FIBA ni matano. Dakika 13 zenyewe ni hukumu ya kocha, na kocha alikuwa na sababu zake.

Ugumu unaongezeka tukirudi kwa Ongwae, kwa sababu safari yake imepita chini ya sheria tofauti. Alicheza chuo Louisiana-Monroe, halafu Ulaya, Bakken Bears ya Aarhus nchini Denmark ikiwa mojawapo ya klabu zake, kisha akawa na Thunder nyumbani. Mechi ya NBA ni dakika 48. Ya chuo na ya FIBA ni 40. Mstari wa pointi tatu uko mita 7.24 sehemu ya juu ya duara katika NBA, na mita 6.75 katika FIBA. Pointi 15 za Aarhus, pointi 15 za Louisiana na pointi 15 za Kigali hazipimwi kwa mizani moja. Anayeziweka kwenye jedwali moja bila maelezo ameandika uongo kwa kutumia namba za kweli, na uongo wa aina hiyo ni mgumu kuukamata kuliko wa shabiki, kwa kuwa unavaa suti.

Njia ya tatu: alitarajiwa nini

Njia hii inampima mchezaji kwa umbali uliopo kati ya alichofanya na alichotegemewa kufanya. Ndiyo iliyompa Thabeet jina baya Marekani. Katika drafti ile ile James Harden alichaguliwa wa tatu na Stephen Curry wa saba. Februari 2010 Grizzlies walimpeleka Thabeet kwa muda Dakota Wizards, timu ya ligi ya kukuza vipaji, akawa mchezaji aliyechaguliwa nafasi ya juu zaidi kuwahi kushushwa huko hadi wakati huo. Mwaka mmoja baadaye wakamuuza Houston. Akapita Portland, akamalizia NBA katika Oklahoma City. Jumla: mechi 224, wastani wa pointi 2.2 na ribaundi 2.7.

Nguvu ya njia hii ni kwamba haioni haya. Klabu iliyotumia chaguo la pili kwake ilitaka zaidi ya hicho, na kumwacha aende ndani ya miaka miwili ni ushahidi wa vitendo. Wasifu unaosema tu kwamba "alichezea timu nne za NBA" umeficha jambo ambalo kila msomaji angependa kulijua. Haki kwa mchezaji haimaanishi kumfunika blanketi.

Udhaifu wake ni mkubwa zaidi ya nguvu yake, kwa maoni yangu. Kwanza, matarajio si kazi ya mchezaji. Thabeet hakujichagua wa pili. Waliomchagua walijua kwamba alianza kucheza mpira huu akiwa kijana mkubwa Dar es Salaam, na kwamba urefu wake ulikuwa umetangulia ufundi wake. Pili, msimu ule Memphis walikuwa na Marc Gasol na Zach Randolph chini ya kikapu. Kijana wa kujifunza hakuwa na pa kujifunzia isipokuwa benchi. Tatu, jina la Curry limeingizwa baada ya mambo kujulikana. Timu tano zilimpita Curry siku ile, mojawapo mara mbili, na hakuna anayewashtaki wachezaji wote sita waliotangulia mbele yake. Ukiitumia njia hii, taja matarajio yalikuwa ya nani na ya lini. Usipotaja, umegeuza kosa la ofisi kuwa kasoro ya mtu.

Kwa Ongwae njia hii inafanya kazi kinyume, ikimpendelea. Hakuna aliyemtarajia NBA, hivyo kila alichofanya kinaonekana ni ziada. Jambo hili linanishawishi kwamba njia yenyewe haipimi mchezo. Inapima mshangao wa watazamaji.

Kupima njia hizo tatu

Ukiziweka mezani pamoja, mpangilio ni muhimu kuliko uchaguzi. Shabiki, mtakwimu na mhukumu wa matarajio wote wana haki ya kusikika, ila si kwa zamu yoyote ile. Cha kutangulia ni rekodi: ligi gani, daraja gani, miaka gani, na alikuwa na kazi gani katika timu. Mtu anayeanza mechi na mtu anayeingia dakika chache za mwisho wa robo ya pili wanaweza kuwa na medali moja ya dhahabu na safari mbili tofauti kabisa. Namba ziingie baada ya daraja kutajwa, zikiwa na dakika zake. Hukumu ije mwisho, na ibebe jina la anayehukumu.

Neno "kulipwa" lenyewe linapaswa kulindwa. Madina Okot alitoka Chuo Kikuu cha Zetech nchini Kenya kwenda Mississippi State, kisha South Carolina, mojawapo ya timu kubwa za wanawake katika vyuo vya Marekani. Ni mafanikio makubwa, pengine makubwa kuliko kandarasi nyingi za Ulaya. Hata hivyo huko ni chuo, na kumwita mchezaji wa kulipwa wakati huo kwa sababu alionekana kwenye televisheni ya Marekani ni kuchanganya madaraja.

Uraia wa kimichezo nao una kanuni yake. FIBA huruhusu timu ya taifa kuwa na mchezaji mmoja tu aliyepata uraia wa nchi hiyo baada ya kutimiza miaka 16. Kwa hiyo "mchezaji wa Kenya" lina maana iliyo wazi: aliyesajiliwa kuichezea Kenya. "Mzaliwa wa Kenya" na "mwenye asili ya Kenya" ni mambo mengine. Wakenya wanalijua hili kupitia mwanasoka Divock Origi, ambaye baba yake, Mike Okoth, aliichezea Shabana kabla ya kwenda Ubelgiji. Mtoto aliichezea Ubelgiji. Kisii inaweza kusimulia sehemu yake katika hadithi hiyo bila kubadilisha rangi ya jezi.

Gharama ya uangalifu huu ipo, na tusijidanganye. Maelezo makavu hayajazi ukumbi. Kijana wa shule ya upili Nyamira anayetafuta ufadhili wa masomo anashindana na wenzake ambao video zao zimepambwa na sifa zao zimetiwa chumvi. Anayemwandikia barua ya haki anaweza kuhisi anamnyima nafasi. Kwa muda mfupi, huenda ni kweli. Lakini makocha wa vyuo wanatazama mechi nzima, wanapima urefu bila viatu na wanapiga simu kwa wanaoijua ligi. Wakigundua kwamba "mchezaji bora wa kitaifa" alikuwa bora wa mashindano ya kaunti, barua inayofuata kutoka shule hiyo itasomwa kwa jicho la pembeni, na atakayeumia ni kijana mwingine ambaye hakuandika chochote.

Gharama ya upande wa pili ni baridi. Mwandishi anayeogopa kukosea huishia kuandika orodha ya timu na miaka, na msomaji anafunga ukurasa bila kujua kwa nini mtu huyo alistahili kuandikwa. Mechi ya Angola lazima iwemo. Kuiacha kwa kuogopa ushabiki kungekuwa upotoshaji pia, kwa sababu ni tukio lililobadilisha nafasi ya Kenya barani, na mkono wa Ongwae ulihusika.

Inavyoweza kuandikwa

Kwa vigezo hivyo, Ongwae anaweza kuelezwa hivi. Tylor Okari Ongwae ni fowadi wa Kenya aliyecheza daraja la kwanza la NCAA katika chuo cha Louisiana-Monroe, kisha akawa mchezaji wa kulipwa Ulaya, ikiwemo Bakken Bears, klabu yenye mataji mengi ya Denmark. Alikuwa katika kikosi cha Kenya kilichopata fedha ya AfroCAN mwaka 2019. Februari 2021 kikapu chake cha mwisho kiliishinda Angola 74-73 katika mechi za kufuzu, na Kenya ikarudi AfroBasket baada ya miaka 28. Mwaka 2025 alikuwa na Nairobi City Thunder, timu ya kwanza ya Kenya kucheza BAL.

Na Thabeet hivi: senta wa Tanzania, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, mlinzi bora wa vyuo aliyechaguliwa wa pili mwaka 2009, alicheza mechi 224 kwa timu nne, kwa kawaida akitokea benchi, na hakufikia kiwango ambacho Memphis walikitegemea walipomchagua.

Aya zote mbili hazina neno "shujaa" wala "aliyeshindwa", na msomaji anaweza kufika kwenye neno lolote kati ya hayo kwa miguu yake. Aya ya Ongwae haina pia kijiji. Mstari huo uachiwe Gusii wenyewe wauandike, ukiwa na jina la shule, mwaka na kocha, na uwekwe pale mwanzoni.